Jogoo Aliyefananishwa na Picha Yake

Nilikuwa ofisi ya kata, Mandewa, nikisubiri muhuri, wakaingia mama wawili majirani wanaogombea jogoo mmoja mwekundu. Aliyembeba ana mazoea ya kuchora kila jioni kwa makapeni za rangi. Akakunjua karatasi.

"Shikamoo, mzee. Ni wangu. Nilimchora mwenyewe."

Mtendaji akavaa miwani. "Mbona huyu wa bluu?"

"Makapeni nyekundu ilikauka."

"Basi akamtafute wa bluu!" jirani akadakia.

Shauri likaahirishwa, mchoraji akaondoka na jogoo wake. Kesho yake nilirudi, maana muhuri bado, nikamkuta mama yule na jogoo kwapani, bluu kuanzia shingo hadi mkia.

"Haya mzee, linganisha sasa."

Wachoraji wanaorekebisha picha nimewaona wengi. Anayerekebisha kuku, ni huyu tu.