Muuza-motokari alinikalisha kiti cha nyuma

Jamani, sikilizeni yaliyonipata.

Leo muzungu mugeni anayeuza motokari za fahari alikuja dukani kwangu, hapa Kasongo. "Rafiki, panda nyuma, nikutembeze."

Viti vya ngozi! Nikapanda.

Akasimama mbele ya nyumba ya Bwana Mukubwa wa serikali ya wazungu.

Bwana akatoka na fimbo ya kiboko. "Nani alimupandisha mutu mweusi hapo?"

Nilitaka kushuka. Mulango sikujua kuufungua!

Muuzaji akacheka. "Huyu anataka kuinunua, Bwana."

Uongo mutupu!

Bwana akasema: "Mutu mweusi anipite kwa motokari? Nainunua mimi."

Kumbe nilikuwa chambo.

Bwana akanigeukia: "Wewe, jina lako nani?" Nikalitaja.

Muuzaji amekwenda Kabambare kutafuta tajiri mwingine. Mimi niko hapa, na Bwana ana jina langu.

Ingekuwa ninyi, mungelala nyumbani leo?