Maranda Mapya ya Bi Sabuni

Bi Sabuni hakuzaliwa na jina hilo, lakini ukimwita kwa jina alilopewa na wazazi wake huenda asigeuke. Jina la Sabuni alilipata kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, alikoanzia kazi akiwa msichana, naye alilipenda kuliko lile la kwanza. Mwanamke huyu hawezi kuona uchafu akanyamaza. Akija kwako kukupa pole ya msiba atakaa, atalia na wewe mlie wote, halafu utamkuta jikoni anasugua sufuria zako.

Alipochoka na mvuke wa hospitali alihamia chumba cha panya, nyuma ya jengo la watafiti. Mlango ni wa chuma, madirisha yako juu karibu na dari, na feni yake hulalamika mchana kutwa. Panya wenyewe ni weupe wenye macho mekundu, wanakaa kwenye vizimba vya plastiki vilivyopangwa rafu juu ya rafu, na chini yao hutandikwa maranda ya mbao. Kazi ya Bi Sabuni ni kuwalisha, kuwawekea maji, kuosha vizimba na kubadilisha maranda. Majirani humtania: "Sisi tunawatafutia panya sumu, wewe unawatandikia kitanda!" Naye huwajibu bila kugeuka: "Wangu wana adabu kuliko wanenu."

Mwaka huo mtafiti mmoja, binti mpole wa miwani mikubwa, alikuja na kazi iliyomchekesha Bi Sabuni. Alikuwa akikaa mbele ya vizimba siku nzima, anatazama jinsi panya mama wanavyolamba watoto wao. Wako waliolamba kwa bidii, na wako waliolamba juu juu, kama mtu anayefagia nyumba ya jirani.

"Mtoto aliyelambwa sana siku zake za mwanzo hukua na utulivu," binti alimweleza. "Ukimweka kwenye sanduku la wazi anazunguka, ananusa kila kona. Aliyekosa ulimi wa mama hujibana ukutani. Ubongo wake umejifunza mapema kuwa duniani kuna hatari, na hofu yake ikishaamka inachukua muda mrefu kulala."

"Mwanangu, hilo nalo ulilipia ada? Si wahenga walishasema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo?"

"Walisema, mama. Ila hawakusema inakuwaje."

Bi Sabuni alicheka, akakiri moyoni kwamba hapo amepatikana.

Kazi ile ilikuwa na sharti moja lisilo na mjadala: panya akizaa, maranda yake hayaguswi wiki nzima. Acha yanuke. Harufu hiyo kwa mama ndiyo nyumba. Kila mtu aliambiwa mara moja, Bi Sabuni aliambiwa mara nyingi, na bila shaka mnajua kwa nini.

Basi ikatangazwa kwamba kuna wageni wakubwa wanakuja kukagua jengo. Asubuhi ya siku hiyo Bi Sabuni alifungua mlango wa chuma, harufu ya mkojo ikampiga usoni, na uzalendo ukamshinda. Safu ya chini ndiyo iliyokuwa karibu na mlango, ndiyo ambayo wageni wangeikuta kwanza. Akajiambia safu moja tu haitaua mtu. Akaosha vizimba vikang'aa, akatandika maranda mapya, akawarudisha mama na watoto wao wasio na manyoya. Mara akaona mama wanawabeba watoto kwa meno toka kona hii hadi ile, wanawafukia, wanawafukua, wanawakanyaga. Bi Sabuni akatabasamu, kwa kuwa alidhani wanafurahia nyumba mpya. Wageni wenyewe walichungulia mlangoni, wakaziba pua, wakaenda zao kunywa chai.

Siku zilizofuata mtafiti alishangaa. Mama wa safu ya chini, ambao uzazi uliopita walikuwa hodari wa kulamba, sasa hawatulii. Akalaumu chakula, akailaumu feni. Bi Sabuni akailaumu feni pamoja naye.

Wakati vitoto vile vinakua, kitindamimba wa Bi Sabuni alikuja kujifungulia kwa mama yake. Alipata mtoto wa kiume, mzima, mwenye mapafu ya mpiga tarumbeta. Hapo Bi Sabuni alifunga kibwebwe. Mtoto akiguna, "Nipe mimi, wewe pumzika." Akicheua, kitambaa kimefika kabla ya maziwa. Alimwogesha, akambadilisha nguo, akamgeuza, akabadilisha shuka, akamwogesha tena. Binti yake alikuwa akikaa kitandani na mikono mitupu, huku mtoto akimkodolea bibi yake macho. Kila siku mtoto alilia zaidi, na kila siku binti alishtuka zaidi mlango ukifunguliwa.

Asubuhi moja binti alisema, "Mama, Jumamosi narudi kwangu."

"Kwako nani atakusaidia? Mumeo anaondoka asubuhi anarudi jua limezama. Kwani nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Umenisaidia mpaka sina la kufanya. Hata sijui mwanangu ananuka vipi, mama. Ananuka sabuni tu."

Begi lilikuwa limeshafungwa, limeegemezwa mlangoni. Bi Sabuni alikwenda kazini. Aliumia, na zaidi ya kuumia aliogopa: binti akiondoka hivi, hatarudi kwake kwa moyo mweupe tena.

Siku hiyohiyo mtafiti alimwita kwenye sanduku la wazi. Ndani yake panya kijana wa safu ya chini alikuwa amejibana ukutani, anatetemeka, hanusi chochote.

"Mama yake alikuwa mlambaji mzuri kuliko wote," mtafiti alisema kwa unyonge. "Pengine nimekosea tangu mwanzo. Nafikiria kuiacha kazi yote."

Bi Sabuni alimtazama yule panya. Aliwakumbuka wale mama wakihangaika na watoto mdomoni, na yeye amesimama pale na tabasamu lake. Wahenga walisema mficha uchi hazai.

"Hukukosea wewe," akasema. "Ni mimi. Niliwabadilishia maranda siku ya wageni."

"Bi Sabuni! Kazi ya mwaka mzima!"

Binti wa miwani alitoka nje akaubamiza mlango wa chuma. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, lakini alivuta kiti akakaa. Akaeleza polepole, kama anajieleza mwenyewe, kwamba wale mama hawakuwachukia watoto wao. Walibabaishwa. Walikuwa wanaitafuta nyumba yao, na mwenye wasiwasi hana nafasi ya kulamba. Safu ile angeiandika peke yake, kama ilivyotokea, na nyingine angeianza upya.

"Na huyu?" Bi Sabuni akauliza. "Ndiyo basi tena?"

"Hapana. Akipata utulivu na wenzake wa kucheza nao, hofu itapungua. Ila ingekuwa rahisi zaidi kama mama yake angeachwa atulie."

Msimamizi alimpa Bi Sabuni onyo kali. Njia nzima ya kurudi nyumbani alijisema mwenyewe: kikulacho ki nguoni mwako.

Alimkuta binti yake kitandani na mtoto kifuani. Mtoto alicheua, maziwa yakamtiririka shavuni mpaka shingoni. Mkono wa Bi Sabuni uliruka wenyewe kwenye kitambaa. Akaurudisha. Ilimuuma kama jino.

"Umekula?" akauliza.

"Bado."

"Basi kazi yangu ni wewe. Huyo ni wako."

Akaenda jikoni akapika, akaosha vyombo, akaviosha tena kwa kuwa mikono ilihitaji pa kwenda. Chumbani mtoto alilia, akanyamaza, akalia, akanyamaza kabisa. Bi Sabuni hakwenda kutazama. Alipopeleka chakula alikuta wamelala wote wawili, pua ya binti imezama kwenye nywele za mtoto ambazo hazijaoshwa tangu asubuhi.

Ijumaa begi lilikuwa bado mlangoni. Jumamosi Bi Sabuni alirudi toka sokoni, akaona mlangoni ni patupu. Akazunguka uani akiita. Binti alikuwa amekaa kivulini ananyonyesha, na juu yake, kwenye kamba ya nguo, begi tupu lilikuwa limeanikwa, linachuruza maji. Halikukamuliwa vizuri, na povu la sabuni lilibaki kwenye mishono. Bi Sabuni aliliona povu lile, akavuta kigoda, akakaa.