Bunduki Ambayo Sikuishika

Sijawahi kushika bunduki. Nasema hili mapema kwa sababu hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, kila mtu hulisema mapema, hata ukimuuliza bei ya nyanya. Sisi tunaosubiri kupelekwa kuishi nchi ya tatu tunaamini kwamba siku ya mahojiano lazima utaulizwa kama umewahi kushika silaha, na kwamba anayeuliza jibu analo tayari. Ndiyo maana mtoto akivunja bua la mahindi likafanana na bunduki, mama yake anamchapa kwanza, maswali baadaye.

Mimi ni seremala wa Bukavu, Kongo. Faili ya familia yangu ilikuwa imelala ofisini kwa miaka, mpaka nikaanza kuuonea wivu usingizi wake. Kambini nilichonga vitanda, na mimbari ya kanisa letu, ambayo ilitikisika kuliko waimbaji. Kisha fundi mmoja wa bunduki za kuwindia, Mhindi wa Old Town mjini Lilongwe aliyelelewa kwa shangazi yake Tanga, akahitaji mtu wa mbao. Nilitaka kukataa. Mke wangu, ambaye ni mshonaji, aliniuliza tangu lini vitanda vilitulisha.

Fundi alikuwa na leseni ukutani na ulimi mkali. Alinieleza kwamba bunduki bora ya kuwindia ni ile ambayo baada ya kila risasi unavuta komeo kwa mkono. Mtutu ulitoka ng'ambo. Komeo alilisugua mwenyewe mpaka likateleza bila kelele. "Lakini chuma kikikaa vibaya kwenye mbao," alisema, "unalenga swala, unampata jirani." Kazi yangu ilikuwa kitako, ile mbao nzima inayobeba chuma na kuishia begani.

Nikampa sharti: chuma sikishiki. Alicheka, halafu akaona sicheki. Basi akakibana chuma kwenye jiliwa tumbo juu, na mimi nikaipeleka mbao kwenye chuma. Ilikuwa mlombwa, mti ambao Watanzania huuita mninga, uliokauka kivulini hadi ukasahau mvua. Chuma kilipakwa masizi yaliyochanganywa na mafuta. Naikandamiza mbao, naiondoa, natazama palipochafuka, nakwangua hapo kwa patasi, unga tu, narudia. Wiki zikaisha hivyo. Siku masizi yalipoenea sawasawa, fundi alipitisha karatasi kati ya mtutu na mbao, maana mtutu haupaswi kuigusa. Ilipita bila kukwama. Akaguna. Kwa mtu yule, mguno ulikuwa nishani.

Ikabaki sehemu ya bega. Kitako hukatwa kwa mwili wa mwenyewe, na fundi alitaka niibebe bunduki nyingine begani nielewe umbo. Nikakataa. Akaniuliza kama Wakongo wote ni wendawazimu au ni mimi tu.

Nyumbani mke wangu alisikiliza huku akikanyaga cherehani. "Hii kitu si inavaliwa ku bega?" alisema. "Basi ni nguo. Mi njo nitamupima huyo mutu."

Mteja alikuwa mkulima wa tumbaku, Mmalawi mpole mwenye tumbo la heshima. Mke wangu alimpima palepale karakanani kwa utepe wake: kifua, shingo, bega, kiwiko hadi kidole. Akamgeuza kama anampimia suti ya harusi. Nikachonga kwa vipimo vile bila kuuliza, kisha nikapaka mafuta ya kitani kwa kiganja, siku baada ya siku, mpaka mbao ikang'aa kama maharage yaliyoiva.

Mkulima alipoinua bunduki, kitako kikamkwama kwapani. Fundi alinitazama. Mimi nikamtazama mke wangu, aliyekuja kuona kazi yake.

"Nilimuachia nafasi," alisema bila aibu. "Mutu wa namna hii ataacha kunenepa?"

Kwetu suti ya mtu mwenye uwezo haikatwi bila nafasi ya kunenepa. Nilimtafsiria mkulima kwa Kichewa changu kibovu, akacheka mpaka akakaa chini. Hata fundi alikubali kwamba mbao ndefu hupunguzwa, fupi hairefushwi. Tukakata upana wa kidole gumba, tukaweka mpira nyuma.

Mkulima alifumba macho, akainua, akayafumbua. Jicho lilikuwa limekaa palepale pa kulengea. Akaninyooshea bunduki. "Gwira, bambo," alisema. Shika, bwana.

Malawi kitu ukipewa unakipokea kwa mikono miwili. Yangu niliitia mfukoni. Sijawahi kutamani kitu namna ile: kupima uzito wake, kusikia mbao yangu shavuni, mara moja tu. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizofanya, na nilisimama mbele yake kama mwizi aliyeshikwa. Mkulima alinuna. Nikaiambia sakafu zikomo, yaani asante, tukapanda minibasi kurudi kambini.

Hatimaye tukaitwa. Mama aliyenihoji alitaka kujua mlango wa nyumba yetu Bukavu ulikuwa wa rangi gani, jirani wa kushoto alifuga nini, tulikimbia kwa njia ipi. Nikajibu yote. Kuhusu silaha, kimya. Nilikaa na jibu langu mdomoni kama pipi ambayo hakuna anayekuruhusu kuitema. Mwishoni akauliza kama nina la kuongeza.

"Sijawahi kushika bunduki," nikasema.

Kwa mara ya kwanza aliinua kichwa. "Nani amekuuliza habari za bunduki?" Akaifungua tena kalamu yake, akaandika kwa muda mrefu, na akaniambia tutaitwa kwa mahojiano mengine.

Mke wangu alikuwa ananisubiri nje. Nilimweleza yote tukitembea. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza. Tulipofika karibu na nyumba akasema, "Basi ile siku bunduki ungeikamata tu."