Mpungate wa Mume Wetu

Juzi binti yangu, ninayekaa kwake mtaa wa Isevya tangu magoti yaanze kunigomea, alinifuata uani na swali. Nyuma ya jiko lake pamebaki kipande cha ardhi kisichozidi mikeka mitatu. Mkono mmoja alishika kopo la mpungate mdogo, mmea ule wa majani manene kama viganja, miiba kila mahali, aliopewa na jirani. Mkono wa pili alishika fungu la marando, mashina ya viazi vitamu ya kupanda. "Mama, hapa panatosha kitu kimoja tu. Huu hauliwi, lakini hautaki hata maji. Viazi vinaliwa, ila vinataka mtu wa kuvihangaikia. Tupande kipi?"

Nilicheka mpaka nikatafuta pa kukaa. Si kwamba swali lilikuwa la kijinga. Swali hilohilo, mwenzangu, liliwahi kuigawa nyumba yetu mwaka ule tulipohamia kijiji cha ujamaa, na aliyelijibu vibaya ni mimi.

Kabla ya hapo tulikaa peke yetu porini, mwendo wa siku nzima kutoka Usoke, kando ya njia ya zamani ya misafara. Baba yake babu alikuwa pagazi. Bibi alisimulia kwamba mzee huyo alikata jani la mpungate kule pwani, akalichomeka kwenye mzigo wake, likapigwa jua miezi mitatu bila tone la maji. Alipofika nyumbani akalitupa chini, likaota. Mimi nilikuwa namsikiliza mdomo wazi. Kitu kinasafiri miezi mitatu juu ya kichwa cha mtu, kinakauka mpaka kinakunjamana, halafu kinaamka! Kila jioni nilikwenda kuutazama ule mmea kama mtu anayekwenda kumtazama mgeni.

Babu alifariki mwaka mmoja kabla ya kuhama. Alizikwa pembeni mwa nyumba, na bibi akachomeka majani ya mpungate kuzunguka kaburi. Hakukuwa na saruji wala jiwe la kuandikwa. Bibi na mimi tulikuwa watani, kama ilivyo kwetu kwa bibi na mjukuu. Aliniita mke mwenzangu, na babu alikuwa mume wetu. "Mke mwenzangu, leo zamu yako kumfagilia mume wetu," alikuwa akisema, nami nilikuwa nikichukua ufagio na kwenda kufagia kaburi huku nikinung'unika kwamba yeye ndiye mke mkubwa.

Lori la kutuhamisha lilikuja kiangazi. Nilikuwa na miaka tisa. Baba aliezua paa na kubeba mlango. Mama alibeba sufuria, mtungi na gunia la marando lililoloweshwa maji, kwa sababu alijua huko tuendako tutakula kile tutakachopanda. Bibi alibeba majani mawili ya mpungate, kayafunga ndani ya kaniki yake kuukuu, akayapakata njia nzima kama mtoto. Miiba ilimchoma mapajani.

Kijijini nyumba zilipangwa kwa mistari, viwanja vilipimwa kwa kamba, vyembamba, vyote sawa. Mimi nilipapenda. Kulikuwa na shule, kisima, na watoto wengi kuliko niliowahi kuwaona pamoja. Lakini kiwanja kilikuwa kidogo, na hapo ndipo vita vilipoanza.

Mama aliinua matuta makubwa, akafukia majani makavu ndani yake, akapanda marando. Bibi akachomeka mpungate wake katikati kabisa, pale ambapo tuta la mwisho lilipaswa kupita. "Mama," mama yangu alimwambia kwa adabu, maana huyo alikuwa mama mkwe, "huo mti hatuuli." Bibi akamjibu, "Hata mimi hamnili, na mnakaa nami." Mama akageuka akaendelea kulima.

Sijui kama umewahi kuvuna viazi vya tuta. Juu unaona majani tu, tena yamenyauka, unadhani pametupwa. Unachomeka jembe, udongo unapasuka, na chini kumejaa watoto wekundu wamelaliana. Kila mara nilishtuka. Tulivimenya, tukavikata vipande, tukavianika juu ya mwamba mpana nje ya kijiji mpaka vikakauka kabisa. Hiyo ndiyo michembe. Harufu yake tamu ilituganda mikononi, na nyuki walitufuata mpaka nyumbani. Michembe ikikauka vizuri inakaa hata mwaka, na ukiichemsha unakula chakula cha msimu uliokwisha sahaulika.

Basi bwana shamba akatangaza kwamba atapita kukagua bustani za nyumbani, na kila nyumba iwe imejaza kiwanja chake chakula. Nilitaka sana yetu isifiwe. Siku hiyo bibi alikwenda kisimani, mama alikuwa shamba la kijiji. Nikachukua jembe, nikaung'oa mpungate. Nilikuwa nimesikia hadithi yake, nilijua haufi ovyo. Kwa hiyo nikafanya kile tulichokifanya kwa viazi ili visiote tena. Nikaukata vipande kwa kisu cha michembe, kila jani vipande vitatu, nikavitupa jalalani vikaushwe na jua. Nikaanza kuinua tuta pale pale, nikiimba.

Bibi aliporudi alisimama na ndoo kichwani. Hakuitua. Maji yalikuwa yakimdondokea begani. "Uko wapi?" akauliza. Nikamwonyesha jalala, nikitegemea pongezi.

Alikaa chini palepale, juu ya tuta langu. "Mke mwenzangu," akasema, na safari hii haukuwa utani, "umemtupa mume wetu." Ndipo akanieleza. Nyumba ya kule itaanguka, njia itaota majani, na yeye macho yanamwishia. Alikuwa akiogopa kitu kimoja tu, kwamba atasahau kaburi lilipo, na babu atabaki porini bila mtu wa kumfagilia. Mpungate ule aliukata kaburini, umkumbushe kila asubuhi atokapo mlangoni. Jioni ile hakula. Mimi niliona aibu ambayo mpaka leo nikiikumbuka masikio yananiwaka moto.

Mvua zikaja. Nilipokwenda kumwaga majivu jalalani nikaona kitu kikanisimamisha. Vile vipande vyote, vyote nakwambia, vilikuwa vimejiinua kwenye majivu, kila kimoja na kijani chake kidogo kichwani. Nilikata majani mawili, na sasa ilikuwepo mipungate sita. Nikamshika bibi mkono nikampeleka. Alipapasa kimoja kimoja, akachomwa, akacheka. "Mzee huyu alikuwa mkaidi tangu ujanani," akasema.

Nilipofika darasa la saba bibi aliniambia twende tukafagie kabla hajaondoka duniani. Tulitoka alfajiri, kitambaa cha michembe ya kuchemsha kiunoni mwangu. Tulipofika mahali palipokuwa kwetu hatukuona kwetu. Nyumba ilikuwa imerudi kuwa udongo. Nguruwe mwitu walikuwa wamefukua matuta yote ya zamani, hata kiazi kimoja hakikubaki. Njia ile ya wapagazi, iliyokanyagwa na watu wasiohesabika, ilikuwa imefungwa na miti. Bibi alizunguka akipapasa hewa kwa fimbo, na uso wake ulinitisha. "Nimempoteza," alisema kwa sauti ndogo.

Nikapanda juu ya kichuguu. Na pale, katikati ya pori la kijivu la kiangazi, niliona ukuta wa kijani uliopita urefu wa mtu, na juu yake maua ya manjano. Nilimvuta bibi tu, mpaka miiba ilipogusa kaniki yake akasimama mwenyewe. Akapiga magoti. Tulipata upenyo, tukafagia, tukala michembe yetu pale karibu na mume wetu, na vipande vichache tukamwachia.

Leo kile kijiji kimekuwa mji mdogo, matuta ya mama yamejengewa maduka, na wanaojua ule mwamba wa kuanika wamebaki wachache. Bibi alizikwa kijijini. Nilimzungushia mpungate kutoka jalalani, kwa mikono yangu, na mwaka jana nilimkuta bila kumuuliza mtu.

Nilimweleza binti yangu yote haya, kisha nikampa jibu. "Viazi panda vyote, mle. Lakini mpungate uwepo hata mmoja, hapo pembeni, ili siku yangu ikifika uwe na pa kukata."

Asubuhi nilimkuta ameinama anauchimbia shimo refu kupita kiasi. Mpungate hauhitaji shimo, ukiutupa tu unaota. Nikamwacha achimbe.