Miezi Mitatu Mtopanga, na Njia ya Kurudi Likoni

Sikuondoka Likoni kwa kupenda. Mimba yangu ya kwanza iliharibika ikiwa na miezi sita, homa ikanishika, na daktari akasema nisiinue ndoo wala nisiiname jikoni mpaka nguvu zirudi. Katika nyumba ya watu kumi na mmoja, kisima kimoja na mavyaa mmoja, kuishi bila kuinua ndoo ni jambo lisilowezekana. Basi ikaamuliwa niende kwetu Mtopanga, kwa mamangu, nikajiuguze huko. Nasema ikaamuliwa kwa sababu mimi sikuulizwa, wala mume wangu Athmani hakuulizwa. Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya Mwingereza, kila baraza watu wakizungumza uhuru, nami sina uhuru wa kuchagua hata kitanda cha kuugulia.

Saa mbili asubuhi nilikuwa nimeshavaa buibui, nimeketi na bunda langu. Athmani alikuwa fundi cherehani, na siku ile alifunga duka ili anipeleke mwenyewe. Mamake, yaani mavyaa wangu, akamzuia mlangoni.

"Mume hampeleki mkewe kwao na bunda la nguo, mwanangu. Watu watasema umemrudisha."

Athmani akanitazama mimi, akamtazama mamake, akaketi. Nilitaka kumpiga kiatu. Mavyaa akanishika mkono kwa upole, akaniambia, "Ukipona, kwenu watakuleta, inshallah." Akaitwa wifi yangu Rukia anisindikize, naye akanung'unika njia nzima kwamba viatu vinambana.

Pale feri tulisimama juani mpaka miguu yangu ikaanza kutetemeka. Ng'ambo ya pili tukapanda basi la mjini, kisha basi la Kisauni, ambamo wanaume wawili walibishana juu ya mwambao, kama utabaki kwa Sultani au utakwenda na Kenya. Mmoja aligeuka akamuuliza Rukia, "Huyu mgonjwa ana nini?" Rukia akamweleza. Mimi nilikuwa nimeketi katikati yao.

Daraja la Nyali, lile la kuelea, lilicheza chini ya magurudumu nikafumba macho. Nilipoyafumbua tumeshapita Frere Town, minazi imeanza. Tukashuka Kisauni tukaingia njia ya miguu, na kufika Mtopanga nilipumzika mara tatu.

Mamangu alinipokea kwa machozi. Babangu alikuwa amekwisha kufa, na mkubwa wa nyumba alikuwa mjomba wangu, mtu mpole anayeheshimiwa msikitini. Akamwambia Rukia, "Mwenyewe aje amfuate mkewe akishapona." Rukia akaitikia inshallah, akaenda zake na viatu mkononi. Mavyaa alisema kwetu watanileta, na mjomba akasema mume atanifuata. Sikuyaweka pamoja maneno hayo mawili. Nilikuwa na homa.

Mwezi wa kwanza nilikunywa uji na supu, nikachuliwa mafuta ya nazi asubuhi na jioni. Mwezi wa pili homa ikaniacha, nikaanza kukuna nazi na kufagia ua. Wa tatu nilikuwa nateka maji na kutwanga, na mwili umerudi mpaka buibui likanibana. Athmani hakutokea. Nikimuuliza mama, hujibu, "Subira, mwanangu, yuwaja." Nikamwomba mjomba anirudishe, naye akashtuka kama nimemwomba aende sokoni bila kanzu.

"Nikupeleke mimi? Utaonekana huna thamani. Mume ndiye hufuata."

Majirani wakaanza kunisalimu kwa sauti ya chini, jinsi wasalimiwavyo waliofiwa. Moyoni nilikuwa na jambo moja tu: Athmani ananilaumu kwa yule mtoto, na mavyaa ameshamtafutia mke mwingine. Nilijua nimeachwa, ila talaka haijaletwa.

Alhamisi moja alikuja Kadzo. Huyu alikuwa mama wa Kigiriama, Mkristo, akikaa upande wa Frere Town, na akituletea mihogo kila wiki. Akatua kikapu, akaniuliza, "Mumeo hajambo? Kesho yuwaja tena?"

"Mume yupi?"

"Yule fundi wa Likoni. Kila Ijumaa namwona nje ya msikiti akizungumza na mjomba wako, ana kapu la samaki."

Nikauacha mchi kinuni. Kila Ijumaa mjomba alirudi kutoka msikitini na samaki, nasi tukawapika. Nilikuwa nimekula samaki wa mume wangu wiki nyingi, nimewasifu, nimeomba na kichwa, nikilia kwamba hanikumbuki.

Baada ya magharibi mjomba aliniita nimpelekee maji ya kunywa. "Abee," nikaitikia, nikampa kata, nikasimama palepale.

"Mjomba, Athmani huja hapa?"

"Huja msikitini. Kijana mwenye adabu sana."

"Husemaje?"

"Huniuliza mgonjwa yu hali gani. Nami humwambia alhamdulillahi, twamuombea."

"Na mbona hukumwambia nimepona?"

Akanywa maji kwanza. "Nikimwambia umepona, si ndiyo namwambia akuchukue? Nitakuwa nampa mwanangu kwa lazima. Akikutaka atasema."

"Na yeye kwa nini hafiki hapa nyumbani?"

"Aingie nyumba ya mkwewe hajaalikwa?"

"Basi ungeniambia mimi kwamba huja."

"Hakuniagiza salamu zako. Na angeniagizaje? Mtu hamtumi mjomba salamu za mke. Ni aibu."

Alinijibu kwa utulivu, na kila jibu lilikuwa sawa. Hilo ndilo lililonitia wazimu. Hapakuwa na mbaya hata mmoja wa kumkasirikia. Walikuwa watu wawili waungwana, kila mmoja akimheshimu mwenzake, na mimi nimekwama katikati ya heshima zao kama mwiba wa samaki kooni.

Ijumaa alfajiri nilifunga bunda langu. Mama akanikuta navaa viatu.

"Wajipeleka mwenyewe? Watu watasema nini?"

"Waseme nimejipeleka, mama."

Akanifungia mikate ya sinia kwenye kitambaa, akanirekebisha buibui kichwani. Hakuniambia niende wala nisiende, wala mjomba hakumwambia kitu mpaka jioni.

Njia ile ile niliyopumzika mara tatu nikaimaliza kwa mwendo mmoja. Daraja likacheza, nami nikatazama maji mpaka mwisho. Kwenye feri mwanamke mmoja aliyebeba kuku akaniuliza nasafiri na nani. Nikamwambia nasafiri na mikate. Akahamia upande wa pili.

Saa tano nilibisha hodi Likoni. Mavyaa alifungua, akachungulia nyuma yangu kutafuta watu.

"Nani amekuleta?"

"Hakuna. Nimekuja."

"Athmani hayupo," akasema taratibu. "Amekwenda kwenu na samaki."

Basi tulipishana. Labda palepale ferini, yeye akipanda na mimi nikishuka, kila mmoja ameinamisha macho kwa haya. Nikaketi chini ukumbini nikacheka kwa hasira mpaka machozi yakanitoka. Mavyaa akaketi karibu yangu. Akaniambia kwamba kila Ijumaa mwanawe huenda akarudi kimya, akashika mkasi bila kula, na kwamba yeye aliamini kwetu tumekataa kunileta. "Nilikuwa nikikuchukia, mwanangu," akasema, akanimiminia chai.

Alasiri nikasikia sauti ya Athmani mlangoni, akimwambia mamake, "Bado. Mjomba wake asema—" Hapo akaniona. Kapu tupu lilikuwa begani.

Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu Kisauni, na mengi hayakuwa mazuri. Yeye akaniwahi.

"Wajionaje?"

Miezi mitatu kila mtu alimuuliza mwenzake swali hilo, na sasa ndiyo mara ya kwanza kuulizwa mimi. Maneno niliyoyapanga yakanipotea. Nikamwambia kwamba homa imekwisha, mgongo hauumi tena, na mtoto bado namlilia.

Akaketi kizingitini, akaweka kapu chini.

"Nami namlilia," akasema. "Ila mimi hakuna aliyenipeleka pahali nikajiuguze."

Hilo sikuwa nikilijua. Na kama ningengoja kuletwa, nisingelijua mpaka leo.