Miti Yenye Miguu

Siku ya kwanza ya kazi yangu ya kuchora ramani nilikabidhiwa kiti kirefu, rula na penseli ngumu ya 4H, ambayo mstari wake ni mwembamba kama uzi. Afisa Misitu, bosi wangu wa kwanza, akaniambia, "Hapa hatuchori unachokiona, kijana. Tunachora kilichopimwa." Nikaitikia ndiyo mzee, na kwa miezi mingi nikachora mipaka ya hifadhi na ya vijiji vya Ujamaa vilivyokuwa vikianzishwa kila upande wa Tabora. Nilikuwa bado kwenye majaribio. Asiyethibitishwa alirudi kwao, na kwetu kulikuwa na duka la baba, ambalo sikulitaka hata kwa bakora.

Yakaja maonyesho ya mkoa. Afisa akataka mchoro mkubwa wa warina asali wa Goweko, ambao hurina usiku, basi tukaenda wawili kujionea. Mrina asali mmoja alipanda mtini na mwenge wa magome, akaupulizia mzinga moshi, kisha akauzima mwenge ili nyuki wasifuate mwanga. Hapo likashuka giza ambalo sisi watu wa mjini hatulijui. Matawi yakawa mikono, mizinga ikaning'inia juu yetu kama watu waliolala, na miti, naapa, ilisogea. Afisa, mwanamume wa haja, akaukamata mkono wa shati langu kwa nguvu mpaka kifungo kikakatika. Njiani kurudi hakuna aliyelitaja jambo hilo.

Sasa nyie mnaochora kwa kompyuta, sikilizeni. Usiku hauchorwi kwa mistari. Niliiweka kando 4H, nikachukua 6B, penseli laini yenye weusi mzito, nikaipaka karatasi yote mpaka ikawa nyeusi tii. Kisha nikafinyanga kipande cha mkate mpaka kikawa kidonge, nikaanza kufuta. Kila nilipofuta, mwanga ulitokea: shina, jicho la mzinga, mguu wa mti. Ndiyo, mguu. Miti yangu ilikuwa na miguu, tena ilikuwa mwendoni. Nilifurahi mpaka nikasahau kula.

Afisa alipouona mchoro alikunja uso. "Nini hiki? Miti inatembea tangu lini? Chora upya, miti inyooke. Ukishindwa, barua ya kukuthibitisha siandiki."

Nilijua nikiinyoosha kazi ninayo. Lakini roho ilikataa kabisa, nikawa kama ninayeambiwa nimkane mwanangu. Nikamjibu kwa adabu zote, "Mzee, ilitembea pale ulipolikamata shati langu."

Afisa alitazama dirishani, akaurudia mchoro. Mwishowe akacheka kidogo, kicheko cha chini kwa chini. "Mti huu wa mbele ulikuja upande wangu," akasema. "Uache ulivyo." Wiki ileile nikapata barua yangu.

Baadaye nilihamishiwa Nzega, nikarudishwa, na nimestaafia hapahapa Tabora bila kinyongo na mtu. Ramani zangu nyingi hazitumiki tena. Vijiji vilihama, mipaka ikachorwa upya, na ndivyo kazi ile ilivyo. Mchoro ule hauna skeli wala mshale wa kaskazini. Maonyesho yalipokwisha, Afisa aliuomba, akautundika sebuleni kwake. Wageni wakimuuliza ni msitu gani wa ajabu hivyo, alikuwa akiwajibu, "Ni Goweko. Nilikuwepo."