Njumu za Kukulia

Kampuni iliyotufadhili ilitengeneza rangi za nyumba. Siku hizi timu yetu wangeiita akademia na kuichapishia fulana. Sisi tuliiita mpira wa rangi, na mwanzoni mwa miaka ya sabini ilikuwa na wavulana kumi na wanane kutoka Waithaka, Kawangware na pande za Muthangari. Tulifanya mazoezi mara tatu kwa wiki, miguu mitupu, katika uwanja wa shule. Kochi alikuwa mchanganyaji rangi kiwandani, mtu wa kutoka magharibi ya nchi, na kucha zake zilikuwa na madoa ya kijani hata Jumapili kanisani.

Sikwenda pale kwa ajili ya mpira peke yake. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na alama zangu hazikunifikisha sekondari. Kampuni ilikuwa imetangaza kwamba mwisho wa mwaka, baada ya mechi moja mbele ya wakubwa, mvulana mmoja angechukuliwa kiwandani kuwa mwanagenzi. Mmoja tu. Tangu siku hiyo mama alinichemshia yai kila asubuhi ya mazoezi, na ndugu zangu wakala ugali mkavu wakinitazama.

Aliyenishinda kwa mpira, tena kwa mbali, alikuwa rafiki yangu, mtoto wa mpangaji wetu. Baba yake alikuwa kibarua wa mjengo, na watu sita wa familia yao walikaa katika chumba kimoja cha mabati nyuma ya nyumba yetu. Yeye pia shule ilikuwa imekwisha. Kazi ile aliihitaji kuliko mimi. Nilijua jambo hilo wakati ule ule. Sitajifanya kwamba nilikuja kulitambua nikiwa mtu mzima.

Wiki mbili kabla ya mechi tuliitwa ofisi kuu, mjini, tukapewe njumu. Karani wa stoo alikuwa amepanga masanduku juu ya meza, na alimuuliza kila mmoja namba ya mguu. Hakuna aliyeijua namba yake. Viatu tulinunuliwa na mama zetu, na mama wa siku zile hakununua kiatu cha kutosha, alinunua cha kukulia. Alibonyeza ncha kwa kidole gumba, na kama kidole hakikuzama, kiatu kilirudi kwa muuzaji. Basi tukafanya tulivyofunzwa. Wa kwanza alivaa, akainama, akabonyeza, akaomba kubwa zaidi. Wote tukamfuata, mmoja mmoja, kwa adabu kabisa.

“Una hakika hii ni size yako?” karani aliniuliza.

“Inanitosha sawasawa, sir,” nikamjibu, na kisigino changu kikicheza ndani kwa raha zake.

Kochi alizikuta miguuni mwetu uwanjani kesho yake. Alitutazama tukikimbia, akaketi kwenye nyasi.

“Nyinyi watu,” alisema, “mnangoja hizi miguu zikue mpaka lini? Mechi ni Saturday ya pili!”

Karani alikataa kuzibadilisha kwa sababu zilikuwa zimeshakanyaga tope. Tukazijaza magazeti.

Siku ya mechi kochi alimwendea afisa wa wafanyakazi, mtu mfupi mwenye tai na mwavuli, akaomba tucheze miguu mitupu. Afisa alisema viatu vimenunuliwa vivaliwe. Upande wa pili walikuwa wavulana wa kiwanda kingine, na viatu vyao viliwakaa. Nilicheza winga ya kulia kama mtu anayevuka mto. Mara moja nilipata nafasi mbele ya goli, nikapiga kwa nguvu zangu zote. Mpira ulibaki pale pale, njumu ikaenda, na kipa akaidaka. Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Nilikwenda kuichukua mkononi mwake, nikaivaa, nikazungusha kamba kwenye kifundo cha mguu. Ilinitoka tena baadaye, nikairudia tena.

Wakati wa mapumziko rafiki yangu alivua zake, akazifunga pamoja kwa kamba na kuzipanga vizuri kando ya mstari. Kochi alimwambia azivae, lakini alimwambia akiwa anatazama pengine. Kipindi cha pili kilikuwa chake. Alifunga mabao mawili, na la pili alipita watu watatu kabla ya kulifunga. Mimi niliziangalia njumu zangu. Nilijua kwamba nikizivua nitakimbia. Afisa alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwangu na niliogopa, kwa hiyo sikuzivua.

Baada ya filimbi tulipangwa mstari. Afisa hakuzungusha maneno.

“Kule kiwandani kuna moto na kuna dawa kali,” alisema. “Mtu akipewa buti, avae. Huyu kiatu kimemtoka mara mbili na mara mbili amekirudia. Mtu wa namna hii nitakaa naye.” Akaniwekea mkono begani.

Rafiki yangu alinishika mkono. “Congrats, bana,” alisema. Tulitembea hadi nyumbani tukizungumza habari za kipa wao.

Siku iliyofuata, tulipotoka kanisani, mama alichinja kuku. Alimwita rafiki yangu naye aje, maana tulikuwa wachezaji wawili wa boma moja. Baba alikuwa amejaa furaha, akitaka kusikia mambo yote tangu mwanzo, na mama akauliza nilifunga mabao mangapi hata wakanichagua.

“Mawili,” nikasema.

Neno lilitoka kabla sijaliwaza, na nilikuwa na nafasi ya kulirudisha. Mama alimgeukia rafiki yangu.

“Ni kweli, mwanangu?”

Alikuwa ameshika bawa la kuku. Aliliweka kwenye sahani kwanza.

“Ni kweli, mama,” alisema. “Mawili. Hiyo ya pili alipita watu watatu.”

Mama akapiga makofi. Akatoa kwenye sufuria firigisi, ambayo nyumbani kwetu ilikuwa ya baba siku zote, akamtazama baba, na baba akakubali kwa kichwa. Ikawekwa kwenye sahani yangu. Rafiki yangu alikuwa akinitazama, bila chuki yoyote, akingoja nianze. Nikaila yote.